Filamu zilizopitwa na tuzo: tutazame zipi msimu huu?

Binti wa Kuze:

Assalamu alaikum ndugu zangu. Kila msimu wa tuzo unapoingia, kuanzia Golden Globes mwezi wa Januari hadi Oscar, ambazo huku kwetu hutolewa usiku wa kuamkia Jumatatu, ua wa nyumba yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, hugeuka ukumbi wa sinema. Kaka yangu hutundika shuka jeupe ukutani, projekta ya kukodi huwekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na majirani huja na mikeka yao na sahani za viazi karai. Tatizo ni kwamba tunazotazama ni zile zile ambazo kila mtu keshazisikia, na nyingine, kusema kweli, husifiwa kupita kiasi. Mwaka jana mama alisinzia kabla filamu haijafika nusu, si kwa uzee, bali kwa sababu maandishi ya Kiingereza ya chini yalikuwa yakimpita mbio kabla hajapata wa kumfasiria. Naomba mnitajie filamu nzuri ambazo tuzo ziliziacha njiani, hasa zile ambazo mama ataweza kuzifuata kwa masikio yake mwenyewe. Watoto huwa nasi mpaka saa tatu ya usiku. Baada ya hapo hubaki watu wazima.

Mwalimu Mstaafu, Tudor:

Wa alaikumu salaam, binti yangu. Usianze na orodha ya washindi. Anza na orodha ya filamu ambazo nchi mbalimbali zilizipeleka Oscar zikarudi mikono mitupu. Katika kundi la filamu za kimataifa, kila nchi huruhusiwa kupeleka moja tu, ambayo sehemu kubwa ya mazungumzo yake si ya Kiingereza, na ambayo imeoneshwa ukumbini kwa siku saba mfululizo. (Sharti hilo la siku saba ndilo lililoifanya Mahakama Kuu yetu ya Kenya, Septemba 2018, isimamishe kwa wiki moja marufuku iliyowekewa Rafiki, filamu ya Kikenya, ingawa mwishowe iliyopelekwa ilikuwa nyingine.) Kutoka hapo zinachujwa zikabaki 15, kisha tano. Kwa hiyo kila mwaka makumi ya filamu ambazo nchi zao ziliziona ndizo bora hupotea bila kutajwa tena, na humo ndimo mlimo na hazina.

Kwa ajili ya mama yako ningechagua Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotolewa kwenye riwaya ya Adam Shafi na kupelekwa Oscar na Tanzania. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Waingereza wangali wanatawala: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyemkimbia mume aliyeozwa, anakutana na Denge, kijana wa siasa anayeandamwa na askari. Kiswahili chake ni cha watu wa mwambao, na mama hatahitaji mfasiri. Mimi nilipoitazama na mgeni wetu kutoka bara, mke wangu alikuwa akicheka kabla mgeni hajamaliza kusoma maandishi ya chini, na kwa mara ya kwanza nyumbani kwangu mgeni ndiye aliyeuliza, "Amesema nini?" Ninakuonya tu kwamba haina haraka. Picha hukaa juu ya uso wa mtu au juu ya ukuta uliobambuka mpaka uzoee ukimya wake, na mwenye kuijua riwaya atagundua kwamba mengi yamepunguzwa. Sikulalamika, kwa kuwa kilichobaki kimebaki vizuri.

Msafiri wa Feri, Likoni:

Ninakubaliana na Mwalimu, ila tusivuke bahari kabla hatujatazama uani kwetu. The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, ilipelekwa na Kenya kwa ajili ya tuzo za 2021, na ni filamu ya matukio halisi, si ya kuigiza. Karisa, kijana anayeishi hapa Mombasa, anasikia kwamba nyanya yake huko kijijini ameitwa mchawi, anafunga safari kwenda kujua tuhuma imetoka wapi, na kadiri anavyouliza ndivyo uchawi unavyopungua na shamba linavyoonekana kuwa ndilo linalogombewa. Sisi wa Pwani tunazijua habari hizi za wazee wanaouawa Kilifi, lakini kuzisikia redioni ni jambo moja, na kumwona bibi mwenyewe akilima kwa jembe lake huku wanawe wakimjadili ni jambo jingine kabisa.

Zipo pia Subira, ya msichana wa Lamu anayetamani kuogelea baharini na kukatazwa, na Mvera ya Daudi Anguka, iliyopelekwa mwaka 2023, kuhusu ahadi za kazi ng'ambo ambazo nyuma yake kuna biashara ya viungo vya binadamu. Mvera ina sehemu zilizotiwa chumvi mno, lakini hapa mjini ni nani asiyemjua mtu aliyeahidiwa kazi ng'ambo?

Mama Wawili, Bamburi:

Dada, mbona wote wamewasahau watoto? Waanzishie Supa Modo ya Likarion Wainaina, ambayo ndiyo iliyopelekwa ule mwaka wa 2018 alioutaja Mwalimu. Jo ni mtoto mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi, na ndoto yake ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Dada yake anaanza kumwaminisha kwamba anazo, na kijiji kizima kinaingia katika njama hiyo. Haifiki hata saa moja na nusu. Wanangu walicheka, mimi nikajifanya ninakwenda kuepua chungu.

Kuhusu The Letter, kaka wa Likoni, mimi nisingeiweka mbele ya mzee bila kumtayarisha. Mama mkwe wangu hakulala usiku ule.

Msafiri wa Feri, Likoni:

Shemeji, kama hakulala, pengine ndiye iliyemhusu zaidi. Lakini nimekuelewa: mwambieni mapema inahusu nini, na achague mwenyewe.

Binti wa Kuze:

Ahsanteni sana nyote. Jumamosi hii tutaanza na Supa Modo mara baada ya Isha ili watoto waiwahi, kisha Vuta N'kuvute. Nilipomsomea mama majibu yenu, kuhusu The Letter alinyamaza kidogo, akauliza kijiji chenyewe ni upande gani wa Kilifi, kisha akasema tuiweke wiki ya pili, na majirani wasiitwe.