Naombeni ushauri: nimwandikieje wasifu mama aliyekuwa pia mwalimu wangu?

Mwana wa Mwalimu:
Wakuu, mama yetu ametutoka Jumatatu usiku na tunamzika Jumamosi. Ndugu zangu wamenikabidhi kuandika wasifu wake na kuusoma kanisani. Nimeandika mara tatu, nimechana mara tatu.

Ninachoandika ni kile kile tunachokisikia kwenye kila msiba: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alihamishwa, alistaafu, alijaliwa watoto watatu. Yote ni kweli, ila nikiyasoma simwoni mama yangu humo. Kaka yangu anataka tuongeze kwamba alikuwa mpole na hakuwahi kumkosea mtu. Hapo ndipo mkono unapogoma.

Mama hakuwa mpole. Alinifundisha mwenyewe darasa la 6, na shuleni tulikatazwa kumwita mama. Nilimwita Mwalimu kama watoto wa wenzake. Siku moja alinikuta nimenakili hesabu za jirani yangu. Alinisimamisha mbele ya darasa, akaandika sifuri kwa wino mwekundu, akanirudishia daftari bila kunitazama usoni. Jioni nyumbani akanipakulia chakula kama kawaida. Lile jambo nimelibeba miaka mingi na sikuwahi kumwambia.

Ni huyu huyu ambaye kila alfajiri alipitia Misa kabla ya kwenda kazini. Rozari yake ya mbao ilikaa mfuko mmoja na vipande vya chaki, mpaka punje zake zikawa nyeupe.

Sasa je, niitaje ile sifuri au niifunike? Na wasifu husomwa wakati gani? Paroko amesema mahubiri ni yake, sisi tuna dakika 5.

Mama Wawili:
Pole sana ndugu yangu, Mungu awatie nguvu. Kwa maoni yangu acha hiyo habari ya sifuri. Marehemu hawezi kujitetea, na kanisani watakuwepo watu wasiojua lolote zaidi ya hilo utakalowaambia. Yazungumze na Mungu wako, au na padre kwenye kitubio.

Katekista Mstaafu:
Poleni sana, mwanangu. Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie.

Paroko wenu yuko sahihi. Mwongozo wa Misale ya Roma, kitabu cha kuadhimishia Misa, namba 382, unataka mahubiri mafupi kwenye Misa ya mazishi, lakini yasiwe hotuba ya kumsifu marehemu. Neno la familia lina mahali pake: baada ya sala inayofuata Komunyo, kabla padre hajaanza sala za kumuaga marehemu kwa maji ya baraka na ubani. Mkiwa na mengi, yasemeni kwenye mkesha, pale hakuna anayewahesabia dakika.

Kuhusu kaka yako, mwambie hivi kwa upole: tukisema mama hakuwahi kukosea, tunakuwa tumemtangaza mtakatifu kabla ya Kanisa, na watu wataondoka bila kumwombea. Yeye sasa anahitaji sala kuliko sifa. Mtakatifu Monika, mama yake Mtakatifu Augustino, alipokuwa anakufa kule Ostia, Italia, mwaka 387 aliwaambia wanawe wamzike popote, ila wamkumbuke altareni pa Bwana. Na Augustino alipomwandika mama yake huyo katika Maungamo, kitabu cha 9, hakuficha kwamba Monika alipokuwa msichana alizoea kuonja mvinyo kwa siri, mpaka mtumishi wa kike akamwita mlevi, akaona aibu na kuacha. Ni mwana aliyempenda mno aliyeandika hayo.

Augustino huyo huyo alimzika mama bila kutoa chozi. Machozi yalimjia baadaye, akiwa peke yake. Nalisema hili kwa sababu hujatuambia kama umelia.

Chaki Nyeupe:
Mimi ni mwalimu pia, pole kwa kuondokewa. Sikubaliani na Mama Wawili, samahani dada. Sifuri ile ndiyo mahali pekee katika maelezo yako nilipomwona huyu mama akiwa hai, pamoja na zile punje zenye chaki. Kumpa mtoto wako sifuri mbele ya watoto wa wenzako ni kazi ngumu. Wengi wetu tungemkosoa pembeni, kimya kimya.

Vyeo na vituo vya kazi vitoshe sentensi mbili. Halafu fungua kabati lake. Walimu hatutupi madaftari. Ukimaliza kuandika, soma kwa sauti huku umeangalia saa, maana ukiwa na majonzi utasoma polepole kuliko unavyodhani.

Mwana wa Mwalimu:
Asanteni wote. Katekista, bado sijalia.

Mwalimu, nimefungua kabati. Kuna daftari gumu la majina, kila mwaka ukurasa wake. Nilidhani ni mahudhurio, ila halina tarehe wala alama. Majina hayafuati alfabeti, yamepangwa kumi kumi, mafungu matano. Mwaka ambao darasa lilikuwa na watoto 46, nafasi 4 za mwisho amejaza walimu wenzake. Na juu kabisa ya kila ukurasa, peke yake, kuna majina matatu, hayabadiliki mwaka hata mwaka. Ni sisi wanawe.

Ukurasa wa darasa langu la 6 una kosa. Jina langu liko juu, na liko tena kwenye fungu la nne. Mama hakuwa mtu wa kukosea orodha.

Katekista Mstaafu:
Mwanangu, ishike rozari yake mkononi uhesabu. Kabla ya mafungu matano kuna Salamu Maria tatu, tunaziombea imani, matumaini na mapendo. Kisha zinakuja kumi kumi. Kila jina lilikuwa na punje yake.

Na hilo si kosa. Mwaka ule ulikuwa mtoto wake, na ulikuwa mwanafunzi wake. Alikuombea mara mbili.

Mama Wawili:
Naondoa ushauri wangu. Iseme sifuri, kisha useme hili.

Mwana wa Mwalimu:
Nimechelewa kujibu, sikuweza kuandika.

Nimemsomea kaka ule ukurasa kwa simu. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza jina lake ni la ngapi pale juu. Nikamwambia la kwanza, langu linafuata, la mdogo wetu la mwisho. Hakutaja tena habari ya upole. Ameomba nimwachie asome yale majina ya mwaka wa mwisho kabla mama hajastaafu, maana baadhi yao ndio watakaobeba jeneza.

Nimeshaanza upya. Sentensi ya kwanza inasema: "Shuleni tulimwita Mwalimu."