Vumbi la kuvu ghalani: mwili unaitambuaje kuvu na kuiua?

Mchambuzi wa karanga, Masasi
Habari zenu, ndugu zangu. Tunapochambua karanga ghalani, punje zilizoota kuvu ya kijani hutimua vumbi zikiguswa, nasi hulivuta mchana kutwa. Dada yangu mwenye pumu hukohoa mno, lakini wengine hatudhuriki. Mwili huitambuaje kuvu ambayo haujawahi kukutana nayo?

Tabibu, Lindi
Ndugu yangu, vumbi hilo lina mbegu za kuvu, aghalabu za jamii ya Aspergillus. Zile za Aspergillus fumigatus zina upana wa mikromita 2 hadi 3 tu, kwa hiyo zisizonaswa na makohozi hufika hadi kwenye vifuko vya hewa, ambako chembe walinzi ziitwazo makrofeji huzimeza. Ukuta wa kuvu una beta-glukani, sukari ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi kabisa, na chembe zetu huzaliwa na kipokezi cha kuishika, kiitwacho dektini-1. Hazihitaji kufundishwa kwanza. Jambo linalonistaajabisha ni kwamba mbegu iliyolala imevikwa utando wa protini unaoificha sukari hiyo, hivyo kinga haishtuki kwa kila pumzi. Mbegu ikipata unyevu na joto la mapafu huvimba, utando hupasuka, na hapo ndipo hutambuliwa.

Mwanafunzi wa maabara, Mtwara
Shikamoo tabibu. Naomba kuongeza kwamba mbegu ikishachipua nyuzi, huwa ndefu mno kumezwa. Nyutrofili, yaani chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu, huzizingira, huzimwagia kemikali kali za oksijeni, na pengine hutema nyuzi za DNA (vinasaba) zao wenyewe ili kuinasa kuvu. Watoto wanaozaliwa na nyutrofili zisizoweza kutengeneza kemikali hizo huugua Aspergillus mara kwa mara, jambo linaloonyesha uzito wa silaha hiyo.

Tabibu, Lindi
Marahaba, umeeleza vyema. Kwa wenye leukemia, yaani saratani ya damu, ambao dawa zimepunguza nyutrofili, vumbi hilohilo laweza kuua. Kuhusu dada yako, ndugu mchambuzi, mwenye pumu mara nyingi huumizwa na kinga inayoichachamalia kuvu kupita kiasi, kwa hiyo naomba aondolewe kwenye uchambuzi na apelekwe kliniki. Punje hizo pia zisipikwe wala kupewa kuku: sumukuvu haimezwi na makrofeji, huenda moja kwa moja kuharibu ini.