Nimetwanga mchanga wa kisima, radoni kwenye maji imepanda mara mbili tu. Kwa nini?

Fundi_Drili: Wakuu za jioni. Niko Dodoma kwenye kazi ya visima, huku chini ni granaiti tupu, napima radoni, ile gesi ya mionzi inayotoka kwenye mawe. Mchanga uliotoka na drili nimeugawa mafungu mawili, moja nimeliacha vile vile, la pili nimelitwanga kwenye kinu cha chuma mpaka likawa kama sembe, kila moja nikalitia kwenye kopo la maji nikafunga siku 27. Unga umetoa mara mbili tu ya mchanga na mi nilitegemea hata mara mia. Nimekosea wapi?

Mzee_Jiwe: Kutwanga hujakosea mkuu, umekosea hesabu. Radiamu, ile elementi ya mionzi iliyomo kwenye jiwe, ikivunjika inageuka radoni: inatema chembe ya alfa huku, radoni inarudi nyuma kama bunduki inavyompiga mtu bega, ila ndani ya jiwe haifiki mbali, nanomita 40 hivi (nanomita ni milimita gawa kwa milioni). Sasa punje ya nusu milimita ingekuwa nzima kama gololi, ingetoa kama asilimia 0.01 tu ya radoni yake, lakini udongo wa kawaida unatoa hata asilimia 20! Maana yake punje zako zilishaharibika kabla hujashika mchi. Granaiti iliyooza ina nyufa kibao na radiamu nyingi imeganda kwenye ile kutu nyekundu inayopaka punje kwa nje, radoni ya hiyo ilikuwa inatoka kitambo. We umefungua iliyobaki ndani tu.

mama_maabara: Na mionzi yenyewe inachubua jiwe, kila radiamu ikivunjika inaacha kanjia humo ndani, maji yakipenya radoni ya baadae inapitia hapo hapo. Ila Fundi, makopo ulijaza mpaka juu?

Fundi_Drili: La mchanga ndio. La unga lilitoa povu nikapunguza, pakabaki hewa kama vidole vinne 😅

mama_maabara: Haya sasa. Radoni inapenda hewa kuliko maji, kwenye nyuzi 20 lita ya hewa inabeba karibu mara nne ya lita ya maji, kwahiyo nyingine ilijificha juu ikatoka ulivyofungua. Rudia, jaza mpaka ukingoni, maji uyavute chini na sirinji, usimimine.

Fundi_Drili: Siku 27 zingine?? bosi ataniua

Mzee_Jiwe: Subiri hata 12, radoni itakuwa imefika kama asilimia 89 ya kiwango chake cha mwisho, ila makopo yote mawili uyafungue siku moja.