Homa na oksijeni ya damu, naomba kueleweshwa

Mama K, Pasua Moshi: Jamani mtoto ana joto 39.5, kale kamashine ka kubana kidoleni ka kupima oksijeni kanasoma asilimia 91, vidole vya baridi na anatetemeka, hivi homa inashusha oksijeni?

Nesi wa Sakina: Pole dada. Kidole cha baridi kikitetemeka mashine inadanganya, kipashe joto upime tena, ikigoma hapohapo au anahema mbiombio wahi hospitali usingoje panado. Homa yenyewe inafanya hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, iachie oksijeni kirahisi kwenye misuli, ila kila joto likipanda digrii moja mwili unataka oksijeni zaidi kama asilimia 10 hivi.

Mdau Njiro: Na chembe nyeupe zikipigana na wadudu zinamwaga kemikali kali za oksijeni, zinaumiza mpaka seli zetu, ndo stresi ya oksidesheni hiyo. Malaria ndo balaa, inapasua chembe nyekundu zenyewe. Kampime.