Nimeprinti tisheti za lile wimbi la Kijapani zimetoka kinyume, halafu mtu ananiambia ni wizi. Naombeni mawazo

Jiwe_Majini:

Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza mjini, naprinti tisheti kwenye kakibanda karibu na Makoroboi, kazi zangu nyingi ni za kipaimara, timu za mtaani na misiba. Mwezi uliopita nikachoka kuprinti sura za marehemu nikasema acha nijaribu kitu changu, nikatoa tisheti 40 za lile wimbi kubwa la bluu la Kijapani, mnalijua, lile povu lake limekaa kama makucha. Zimeenda vizuri tu kwa wanafunzi wa Malimbe, 29 zimetoka ndani ya wiki mbili kwa 15,000.

Juzi akaja mama mmoja mtu mzima, akaishika moja, akaiangalia weee, akasema "mwanangu hili wimbi linatokea upande siyo, na haya maandishi umeyageuza". Nikafungua picha kwenye simu, kweli bwana! Nilisahau kugeuza faili kabla ya kuprinti kwenye filamu, kwa hiyo wimbi linatokea kulia badala ya kushoto na vile viherufi vya juu vinasomeka kama vya kwenye kioo. Jirani yangu wa kibanda naye akadakia, "hiyo kwanza ni wizi, picha ya watu".

Sasa ni wizi kweli? Maana nataka niendelee na wasanii wengine wa Asia, na natamani kutoa kakitabu kadogo ka picha na maelezo niuze pamoja na tisheti, kwa sababu watu wananiuliza hii ni nini na mimi najibu "wimbi la Japani" basi, nimeishia hapo.

Mzee_wa_Fremu:

Pole kijana. Ugonjwa huo kila mtu wa wino kaupitia, mimi niliwahi kugeuza jina la bwana harusi kwenye tisheti za kamati nzima, tukagundua watu wameshavaa wako kwenye basi.

Huyo msanii ni Hokusai, alilitoa wimbi hilo mwaka 1831 hivi akiwa ameshavuka miaka 70. Na wengi wanadhani ni brashi kwenye turubai, siyo, ile ni chapa ya ubao. Yeye anachora kwenye karatasi nyembamba, mchongaji anaibandika kifudifudi juu ya ubao wa mti wa cheri anaanza kuchonga, mchoro wenyewe unafia hapohapo, halafu mpigachapa anapaka wino na kukandamiza karatasi, rangi moja ubao wake, rangi nyingine ubao wake. Sasa niambie hiyo na fremu zetu za kuprintia, silki skrini, tofauti iko wapi. Ona hapo kwenye "kifudifudi", nao walikuwa wanageuza kabla ya kuchapa, ni wewe tu ulisahau.

Saizi yake sentimita 25 kwa 37 hivi, inapita A4 kidogo. Zilichapwa kwa maelfu zikauzwa bei ya mtu wa kawaida, na mwaka 2023 moja iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 2.7. Ile bluu nayo ilikuwa rangi mpya kwao, imetengenezwa kwanza Ulaya. Kwa hiyo anayesema kuiweka kwenye tisheti ni kuidharau hajui ilikotoka, ile ilikuwa bidhaa ya sokoni toka siku ya kwanza.

Ila huyo mama yuko sahihi na kosa lako ni kubwa kuliko unavyodhani. Wajapani enzi hizo walisoma kutoka kulia kwenda kushoto, jicho linaingia na zile boti tatu, linakwenda nazo, linakutana na wimbi usoni. Ukigeuza, kwa mtu aliyezoea kusoma hivyo, wimbi linakuwa linawafukuza kwa nyuma. Na zile boti zilikuwa za kukimbiza samaki wabichi kwenye soko la Edo, ndiyo Tokyo ya leo. Mtu wa soko letu la samaki la Mwaloni Kirumba ukimwonyesha hapo hahitaji kitabu, atakuuliza tu walifika au hawakufika.

Halafu angalia katikati kwa chini, kale kamlima keupe. Ni mlima Fuji. Wateja wako nusu watakwambia ni wimbi lingine.

Dada_Nyegezi:

Kaka siyo wizi, huyo jirani ana wivu wa zile 29. Hokusai amefariki 1849. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda msanii maisha yake yote pamoja na miaka 50 baada ya kufa, Japani ni 70, huyu kote ameshapita zamani. Hiroshige, Mjapani mwingine wa chapa kama hizo, naye hivyo hivyo (kafa 1858), mvua zake na madaraja ni tisheti tayari.

Ila usichukue picha popote pale, nyingi zina ukungu na rangi zimechezewa. Ingia kwenye tovuti ya makumbusho ya Metropolitan ya New York, toka 2017 wameziachia picha za kazi ambazo hakimiliki yake imeisha, unapakua faili kubwa safi na unaruhusiwa kufanyia biashara.

Pa kuogopa ni kwa walio hai. Yale maua yanayocheka ya Takashi Murakami, aliyefanya mikoba na Louis Vuitton mwaka 2003, usiguse. Vile vitoto vyenye macho ya hasira vya Yoshitomo Nara usiguse. Na katuni za Kijapani ambazo mtaa mzima unaprinti, mimi sisemi kitu, ila ukiitwa COSOTA, wale wa hakimiliki, usije hapa kulia.

Mama_Batiki:

Mwanangu Jiwe, naona mmeng'ang'ana na Japani kana kwamba Asia imeishia huko. Hivi vitenge tunavyofunga mnadhani vimetoka wapi? Wadachi katika karne ya 19 waliiga batiki za Java, kisiwa cha Indonesia, kwa mashine, wakazileta Afrika, zikawa zetu. Mimi nachovya nta kila siku uani hapa Kirumba na jina lenyewe la kazi yangu ni la Kijava.

Na Wahindi je? Nikiwa mdogo duka tulilokuwa tunatumwa sukari lilikuwa na kalenda ya mungu wao wa kike, amesimama juu ya ua la yungiyungi, sarafu zinamdondoka mkononi, nilikuwa nasahau chenji kwa kumwangalia. Sura za namna ile zilienezwa sana na Raja Ravi Varma, mchoraji wa India, alifungua kiwanda cha uchapaji Bombay 1894 ili picha za rangi zifike hata kwa watu wasio na hela. Kafa 1906. Mweke kwenye kitabu chako. Kwenye tisheti lakini sikushauri, ile ni miungu ya watu na hekalu lao liko hapohapo karibu na wewe, mtu anatoka kuabudu anakutana na mungu wake kifuani kwa kijana anayetoka jasho anakula chipsi. Waulize kwanza.

Kopi_Stepla:

Kuhusu kitabu usingoje hela ya kiwanda. Kuna gazeti la Marekani liliitwa Giant Robot, lilianza 1994 Los Angeles, vijana wawili wenye asili ya Asia, likaanza kwa kutoa fotokopi, kukunja na kupiga stepla. Likafika matoleo 68, wakafungua na duka la kuuza tisheti na kazi za wasanii. Stationeri za hapa Malimbe zitakutolea A4 ya kukunja, kurasa 16, mweusi na mweupe. Ganda tu ndio utoe rangi.

Jiwe_Majini:

Asanteni sana, Mama shikamoo, nimekuelewa kabisa kuhusu miungu. Mzee wa Fremu nakuja na fremu zangu nne.

Ila nimegundua kitu. Nilikuwa najiuliza imekuwaje watu 29 wananunua na hakuna hata mmoja aliyeona. Leo nimeivaa nikasimama pale wanapojaribia wateja. Kwenye kioo iko sawa kabisa, maandishi yamekaa, wimbi linatokea kushoto. Yule mama ndiye pekee aliyeiangalia mkononi.

Zimebaki 11, natoa kwa 8,000.

Dada_Nyegezi:

Niwekee M mbili, nyumbani nina kioo kikubwa 😂