Kifo cha dada yangu ndicho kilichonifanya mkunga. Sasa naogopa kinaniziba macho

MkungaWaZamu:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina miaka 14 kwenye ukunga, na tangu mwaka jana ndimi msimamizi wa wodi ya kujifungulia. Niliingia kazi hii kwa sababu moja. Dada yangu alijifungua salama, mtoto akalia, sisi tuliokuwa nje tukashukuru. Haikupita nusu saa nikamwona mhudumu anatoka na shuka limelowa mpaka linadondosha, mimi bado nimekumbatia mfuko wa nguo za mtoto. Hakuna aliyekuwa ameipima damu ile. Godoro liliinywa huku kila mtu akishughulika na mtoto.

Nilipokabidhiwa wodi, damu ikawa ndiyo kila kitu. Kila mama anayejifungua anawekewa chombo cha kupimia. Ikifika mililita 500 wote tunakimbilia pale, hata kama mama mwenyewe anacheka. Oksitosini, dawa ya kuzuia damu kutoka, uniti 10 iwe tayari pembeni kabla mtoto hajatoka. Nikiingia zamu, swali langu la kwanza: "Nani anatoka damu?" Tangu nishike wodi sijampoteza mama hata mmoja kwa damu, na naona fahari.

Wiki iliyopita mama mmoja, siku ya pili baada ya kujifungua, alishikwa na kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya uzazi, kitandani. Presha 170 kwa 110. Tulimpa magnesiamu salfeti, akatulia, yu hai na ananyonyesha. Lakini nilipofungua faili lake nikakuta presha ilianza kupanda tangu jioni. Usiku ule nilipita kitandani kwake mara mbili. Nilifunua shuka, nikaangalia damu, nikaridhika, nikaondoka.

Usingizi umenipaa. Hivi kile kile kilichokufundisha kuona kinaweza kukufanya usione? Nifanye nini na uchungu huu?

FundiMstaafu:
Pole sana, mwanangu. Niliongoza karakana ya mashine hadi nikastaafu, na mtu ninayemkumbuka nikisoma habari yako ni Frances Perkins. Machi 25, 1911, alikuwa New York akinywa chai na marafiki, kiwanda cha nguo cha Triangle kikawaka moto jirani tu. Alikimbilia pale, akasimama barabarani akiona watu wanaruka kutoka madirisha ya juu. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Walikufa 146, wengi wao wasichana.

Ningekuwa mimi, ningeshikilia moto maisha yangu yote: ndoo, ngazi, milango. Naye alianzia hapo hapo, kwenye usalama wa viwandani. Ila alipofika kuwa waziri wa kazi wa Marekani mwaka 1933, mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la nchi ile, alipigania pia pensheni ya wazee na malipo ya waliokosa kazi, yakawa sheria 1935. Kisha kima cha chini cha mshahara na kuzuia ajira ya watoto, 1938. Mimi naona alielewa kwamba anayemfungia mfanyakazi mlango ndiye huyo huyo anayemfanyisha mtoto kazi.

Sasa wewe: ile siku ya dada yako ilikufundisha nini hasa? Umeandika mwenyewe, kila mtu alikuwa kwa mtoto. Hakuna aliyekuwa akimtazama mama. Damu ni sehemu tu ya hilo.

Mwalimu_Mkuu:
Naongeza kidogo. Wangari Maathai utotoni alikuwa akichota maji kwenye kijito karibu na kwao, na miaka ya baadaye kijito kile kikakauka. Lakini wanawake wa vijijini ndio waliomweleza kwamba wanakosa kuni, maji safi na lishe, na mwaka 1977 akaanza kazi ya kupanda miti pamoja nao. Kijito kilimpa uchungu. Cha kufanya alikipata kwa kusikiliza.

MamaWaLeba:
Dada, mimi mkunga mwenzio, sitazunguka. Presha haikujiandika yenyewe kwenye faili. Kuna mtu aliipima. Ni nani, na kwa nini hukuambiwa? Maana nimewahi kufanya kazi chini ya kiongozi mwenye swali moja. Ukishajua swali lake, mengine unayameza.

MkungaWaZamu:
MamaWaLeba, umegonga penyewe. Ni binti aliyeajiriwa mwaka huu. Leo nimekaa naye. Amenijibu kwa upole, macho chini: "Nilianza kukwambia mama wa kitanda cha sita anaumwa kichwa na anaona vimulimuli. Ukaniuliza, damu je? Nikasema hamna. Ukaenda kitanda cha saba."

Nakumbuka. Nakumbuka hata kwamba nilimshukuru.

Nimemwomba radhi, kisha nikamuuliza aliingiaje kwenye kazi hii. Kumbe mama yake ana presha, na tangu akiwa shule ya msingi yeye ndiye aliyekuwa akimpima. Miaka yote ile mkono wake umekuwa kwenye kile kipimo, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Chombo cha damu hakiondoki, hilo silegezi. Ila kuanzia kesho, tukikabidhiana zamu, yeye na wenzake wanaanza kusema, mimi naongea wa mwisho. Na swali langu nimelibadilisha, mzee FundiMstaafu: "Mama yupi hujamwelewa?"