Chui wa Unguja: kamera niifunge wapi, na msimu gani?

Fundi Kamera: Asalaam alaykum. Nina kamera mbili za usiku, zile zinazojipiga zenyewe kitu kikipita mbele. Nataka kumtafuta chui wetu. Wengine wananambia Jozani, wengine maweni ya Muyuni. Wapi hasa, na msimu gani? Habari ya yupo au hayupo tusianze, nishachoka nayo.

Gogo la Mnazi: Hayupo.

Kusini Kwetu: Hahaha, keshaanza. Fundi, Jozani watalii tele wanatazama kima punju, chui gani atakaa hapo? Nenda maweni, Muyuni mpaka Ukongoroni. Huko mto hakuna, maji yamo mapangoni. Januari na Februari, kabla ya masika, jua linawaka na kila mnyama anayatafuta. Funga kwenye njia ya kushukia, usawa wa goti, kamera zitazamane. Madoa ya ubavu wa kulia si ya kushoto, ukipata upande mmoja huwezi kujua kama ni yuleyule wa jana.

Shamba Juu: Mie nasema vuli. Nyayo utaziona wapi juu ya mawe? Mvua ikinyesha, nenda kwenye udongo wa mihogo asubuhi mapema.

Gogo la Mnazi: Mnajisumbua. Chui wa kusini hatafutwi kwa kamera, anaombwa kwa mwenyewe. Muulizeni mzee yeyote wa Makunduchi, atawambia kafungwa kwa nani.

Bi Mkaya: Wee Gogo, Makunduchi tumekukosea nini? Mwaka Kogwa ukifika mnajazana kwetu, mnakula wali wetu, mnatutazama tukipigana kwa magomba. Mkirudi mjini, wachawi!

Gogo la Mnazi: Nani kataja uchawi? Nimesema wafugaji. Uchawi umeutaja wewe.

Bi Mkaya: Usinichezee maneno. Anayefuga chui kwa siri nyinyi humwita nani? Na maneno hayohayo ndiyo yaliyommaliza mnyama. Baada ya Mapinduzi alipita Kitanzi na watu wake, wakisaka wachawi, na chui wakauliwa kwa kisa kwamba ni wa hao wachawi.

Shamba Juu: Kitanzi si miaka ya themanini?

Bi Mkaya: Sitini, baba. Themanini nilikuwa nishaolewa.

Mpemba Halisi: Samahani kuingilia. Sisi Pemba chui hatujapata kuwa naye, na wachawi tunaitwa vilevile. Kwa hiyo Bi Mkaya, kosa si la chui.

Kusini Kwetu: 😂😂 Mpemba kamaliza.

Gogo la Mnazi: Hajamaliza kitu. Pemba mnaitwa hivyo kwa sababu nyingine, na mnaijua.

Mpemba Halisi: Itaje basi. Ukiogopa kuitaja, usiseme.

*(Hapa zikafuata kurasa mbili za Pemba na mjini, nani alianza na nani alikopa karafuu bila kulipa.)*

Mtoto wa Ng'ambo: Jamani, 2018 si Wamarekani walimnasa? Mie niliona kwenye televisheni.

Kusini Kwetu: Waliona kitu chenye umbo la paka mkubwa kwa sekunde chache, usiku. Wapo wataalamu ambao hawakuridhika. Kabla ya hapo, 2003, zilitegwa kamera Jozani zikampata kanu, kale kanyama ka usiku kama paka mwembamba, tena picha za mwanzo za kanu wetu. Chui hata mkia.

Gogo la Mnazi: Si ndivyo nilivyosema? Aliyebaki ni yule wa makumbusho, kajazwa tumboni. Mkamtazame, kiingilio rahisi.

Shamba Juu: Basi mbuzi wangu wawili nani kawala? Makumbusho?

Kusini Kwetu: Nyayo ulizitazama? Kucha zikionekana, mbwa huyo. Chui akitembea huzificha.

Shamba Juu: Zilionekana kidogo.

Gogo la Mnazi: Kidogo! Kwa hiyo chui nusu, mbwa nusu.

Shamba Juu: Wewe hujafuga hata kuku, kaa kimya. Mbwa wa hoteli ndio wanatumaliza, na tukisema tunaambiwa tunafukuza watalii. Hilo ndilo la kujadili, si chui.

Mtoto wa Ng'ambo: Ukweli. Mbwa wanawafukuza mpaka paa nunga.

Fundi Kamera: Nimerudi kutoka kazini, nimesoma yote, nimejifunza habari za karafuu. Nimeamua maweni, wiki ya pili ya Februari. Kamera ya pango ni moja, ya pili nitaiweka kwenye mihogo kwa Shamba Juu, asije kusema nimempuuza. Nianze kwa sheha?

Kusini Kwetu: Kwa sheha kwanza, ndiyo. Kisha kwa mwenye pango. Mapango mengine ni ya mizimu, yana ubani, usivamie.

Bi Mkaya: Ukimaliza shughuli pitia kwangu upate chakula. Huyo Gogo usije naye.

Gogo la Mnazi: Wali wa nazi?